Jiwe la Kuanikia Dagaa

Asubuhi za kipindi cha giza Modesta aliamshwa na kelele za ndoo. Kipindi cha giza ni zile siku ambazo mwezi hauonekani usiku. Ndipo dagaa wa Ziwa Victoria hufuata taa za wavuvi, na ndipo mitumbwi hurudi alfajiri ikiwa imejaa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa nyumbani, hushona nyavu na kugombana na wake zao. Giza likiingia hakuna mwenye nafasi ya kuugua, wala ya kufiwa, kama jambo hilo linaweza kusogezwa mbele.

Mtaa wao uliitwa Mawe Mapana. Ulikuwa ufukweni, ng'ambo kidogo ya Pasiansi, na jina lake lilitokana na jiwe moja bapa lililolala kando ya maji, pana kiasi kwamba wanawake wote wa mtaa waliweza kuanika dagaa wao juu yake bila kukanyagana. Jiwe lile halikuwa la mtu yeyote. Dagaa wakianikwa pale hukauka kwa siku moja ya jua, wakawa safi, na watu wakawala. Wakianikwa mchangani hushika mchanga, na wanaowanunua ni wafuga kuku tu. Dorotea, mama yake Modesta, alikuwa hana mume wala shamba. Alikuwa na sehemu yake juu ya jiwe, karibu na ufa mrefu, na hapo ndipo ugali wa nyumba yao ulipotoka.

"Mwangaluka, mama Modesta!" Bi Mwaija aliita kwa salamu ya Kisukuma asubuhi moja, huku akitua beseni lake kutoka kichwani. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa ghuba.

"Mwangaluka, mgombea wetu!" Dorotea alijibu, na wanawake wengine wakacheka.

"Shikamoo, Bi Mwaija," alisema Modesta.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa sare huku mikono inanuka dagaa? Mwalimu wako atakuja kuomba kitoweo."

Kweli Bi Mwaija alikuwa mgombea. Mwezi ule wa Novemba kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, na chama chake kilikuwa kimempitisha agombee uenyekiti wa mtaa. Chama chenyewe pale Mawe Mapana kilikuwa bendera moja na watu wachache wenye viatu vilivyolika, kwa hiyo Bi Mwaija alizunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu. Mpinzani wake, Bwana Venant, alikuwa mfanyabiashara mwenye gari, na chama chake kilikuwa na wanachama wengi. Ajabu ni kwamba hata wanachama hao hawakumpenda. Ila siku chama kilipoitisha mkutano wa kuchagua mgombea, walikuja ndugu zake na wafanyakazi wake, wengine wakabaki na shughuli zao. Dorotea alikuwa na kadi ya chama hicho. Siku ile alikuwa anaanika.

Bwana Venant hakumdanganya mtu, na hilo lazima lisemwe. Alisimama kwenye mkutano wa kampeni na kusema wazi kuwa ufuko wa Mawe Mapana unanuka, kwamba pale pangefaa ukumbi wa harusi wenye bustani, na kwamba akishinda ataleta mpangaji wa kulikodi eneo na kujenga. Wanawake wa jiweni waliposikia walicheka hadi wakashikana mabega.

"Ukumbi juu ya jiwe letu! Nani atampa kura huyo?" alisema Dorotea.

"Labda kuku," alijibu mwingine. "Hao ndio watakaofurahi."

Walikuwa na hakika. Hakika hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Siku ya kupiga kura ilikuwa Jumatano, shule zimefungwa, na giza lilikuwa limekolea. Asubuhi ile mitumbwi iliingia imeinama kwa uzito. Wavuvi walikuwa wakiuza kwa bei ya chini ili waondoe mzigo, na wanawake walinunua mpaka ndoo zikaisha. Jiwe lote likang'aa kama bati jipya. Kituo cha kupigia kura kilikuwa shuleni, juu ya kilima, mahali ambapo mtu akisimama huliona jiwe lote chini yake.

Dorotea alikuwa amejiandikisha mapema. Alinawa mikono, akajifunga khanga safi, akachukua kitambulisho chake.

"Modesta, nakwenda kupiga kura. Kaa hapa na fimbo. Nyangenyange wakitua, wafukuze. Mbuzi wakija, wafukuze. Usiondoke hata kidogo, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Lakini mama yake alipokuwa bado anapanda kilima, Queen alitokea nyuma ya mitumbwi. Queen alikuwa mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, na mkononi alikuwa na mpira wa soksi.

"Twende tukacheze rede. Tumepungukiwa na mtu mmoja."

"Nalinda dagaa."

"Wote hawa wanawake wapo hapa. Hakuna atakayeona ndege akitua kwa mama yako akanyamaza. Mara moja tu!"

Modesta alitazama jiwe. Ni kweli wanawake walikuwa wengi, wameinama wanageuza dagaa wao. Akaiweka fimbo chini, akaenda.

Kumbe kila mmoja alikuwa na dagaa wake wa kuangalia. Nyangenyange walitua karibu na ufa mrefu, kwanza wachache, halafu wengi, na mbuzi wa jirani wakafuata. Juu kilimani, Dorotea alikuwa amefika kwenye foleni. Aligeuka kutazama chini, akaona pale pake pamekuwa peupe kwa ndege. Akatoka kwenye foleni akaanza kukimbia, khanga mkononi.

Modesta aliporudi, jua likiwa utosini, alimkuta mama yake amekaa katikati ya dagaa waliokanyagwa. Hakupigwa. Angefurahi kama angepigwa.

"Umeninyima kura," mama yake alisema. Basi.

Jioni matokeo yalitangazwa. Bwana Venant alishinda kwa tofauti ya kura chache sana. Ukiwachukua tu wanawake waliokuwa wameinama juu ya jiwe siku ile, walizidi hizo kura kwa mbali. Kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja mtumbwi wa mumewe ulichelewa. Mwingine alidhani mstari ni mrefu. Wa tatu alisema Bi Mwaija atashinda tu, yeye mmoja ataongeza nini? Na Dorotea alikuwa na sababu nzuri kuliko zote.

"Mimi nilikwenda," aliwaambia wenzake. "Nilifika hadi kwenye foleni. Huyu mtoto ndiye aliyeniangusha."

Modesta alisikia maneno hayo kisimani, dukani na kanisani. Kila yaliposemwa alitazama miguu yake.

Mambo hayakukawia. Mwenyekiti mpya aliitisha mkutano wa wakazi, kama sheria inavyomtaka. Ulikuwa mkutano wa kujadili ukumbi. Wanawake wa jiweni hawakwenda, maana walikuwa wamemkasirikia, wakaona kwamba kutokwenda ni kumkomesha. Waliokwenda walikuwa watu wake. Wakanyoosha mikono, muhtasari ukaandikwa kwamba wakazi wamekubali, na barua ikapanda ngazi za juu. Huko juu wangefanya nini? Wakazi walikuwa wamekubali.

Siku uzio ulipojengwa, wanawake walikuja na mabeseni yao, wakasimama wakitazama mafundi wakichimba mashimo ya nguzo kuzunguka jiwe. Dorotea alimwendea Bwana Venant aliyekuwa amesimama na mpangaji wake.

"Mwenyekiti, shikamoo. Sisi tutaanika wapi?"

"Marahaba, mama. Ufuko ni mrefu. Mchanga upo."

"Dagaa wa mchangani ni chakula cha kuku, mwenyekiti. Wewe unajua."

"Najua. Na nyinyi mlijua nitajenga. Nilisema mbele ya kipaza sauti. Je, niliwaficha?"

Dorotea aliinua beseni lake, akashika njia ya mchangani. Wenzake wakamfuata.

Tangu siku ile nyumba yao ilibadilika. Dagaa wa Dorotea sasa walifungwa kwenye viroba vya wafuga kuku, na ugali wa mchana ukawa haupo. Modesta alikwenda shule na tumbo tupu, akarudi nalo hivyo hivyo. Mama yake alizoea kuimba akianika. Mchangani hakuimba.

Bi Mwaija alivumilia mpaka Pasaka, kisha akashindwa. Kaka yake alikuwa na shamba la mpunga Misungwi, akaamua kwenda kulima huko. Asubuhi ya kuondoka alipita kwa Dorotea na kibegi chake.

"Unatuacha," Dorotea alisema.

"Ninyi ndio mlioniacha, mama Modesta." Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilizunguka mtaa mzima kwa miguu. Kila mlango niliambiwa, 'Tupo pamoja, Bi Mwaija.' Siku ile nilisimama pale shuleni tangu asubuhi mpaka wanafunga, nikitazama njia ya kutoka jiweni. Nilikuwa nawaona mmeinama."

"Mimi nilikuja. Ni huyu mtoto..."

Bi Mwaija alimtazama Modesta, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Alimshika Modesta kichwani, akabeba kibegi chake, akaenda. Modesta aliingia ndani akalia, kwa sababu alijua kwamba mwanamke yule angekuwa mwenyekiti na badala yake anakwenda kupanda mpunga wa watu.

Mvua za masika zilikuwa bado hazijakatika tangazo jipya lilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa. Kutakuwa na mkutano wa wakazi siku ya Jumamosi, kujadili kufungwa kwa njia ya majini. Njia hiyo ilipita kati ya uzio na mawe marefu, na ndiyo pekee iliyobaki ya kushukia ziwani. Mpangaji wa ukumbi alilalamika kwamba wageni wake wanakutana na harufu. Bila njia ile, hata mchanga wa kuanikia usingefikika, na maji ya kuchota yangekuwa ya kuzungukia mbali.

Jumamosi hiyo ilikuwa katikati ya giza.

"Twende kufanya nini?" wanawake waliulizana ufukweni. "Huyo ameshaamua. Mikono yao wamekwishainyoosha nyumbani."

"Na mvua hizi, nani ataacha dagaa peke yao?"

Dorotea aliitikia kwa kichwa. Modesta aliona kichwa kile kikiitikia.

Jioni, walipokuwa wakichambua dagaa nje ya nyumba, alijikaza.

"Mama, Jumamosi nenda mkutanoni. Mimi nitalinda. Safari hii siondoki, hata Queen aje na mpira wa dhahabu. Nilikunyima kura mara ya kwanza. Sitakunyima tena."

Mikono ya mama yake ilisimama.

"Siku ile ulirudi saa ngapi?" Dorotea aliuliza.

"Mchana. Jua lilikuwa utosini."

"Na kituo kilifungwa saa ngapi?"

"Sijui, mama."

"Saa kumi jioni." Dorotea alifuta mikono kwenye khanga. "Ulirudi mchana, Modesta. Ulikaa na fimbo mpaka jioni, hukuondoka tena, nakumbuka. Kilima kile napanda kila siku na ndoo kichwani. Ningeweza kwenda na kurudi, nikaenda na kurudi tena. Sikwenda. Nilijiambia dagaa wamekanyagwa, nimechoka, na wenzangu watakuwa wameshapiga. Halafu tuliposhindwa nikakutwisha wewe mzigo, kwa sababu ulikuwa mdogo na hukuweza kukataa."

Miezi yote ile Modesta alikuwa amelala na jambo hilo na kuamka nalo.

"Ulikosea kuacha dagaa," mama yake aliendelea. "Nilikutuma, ukaniambia umesikia, ukaondoka. Hilo ni lako. Lakini kura ilikuwa yangu. Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake Dorotea aliwaambia wanawake maneno hayo hayo, mbele ya wote, huku mabeseni yakiwa chini. Hapakuwa na aliyecheka. Mmoja alisema naye siku ile hakuwa na mtumbwi uliochelewa, alikuwa amelala. Mwingine akageuka pembeni akifuta macho. Hawakuahidiana kitu, maana ahadi walikwishampa Bi Mwaija.

Jumamosi jua lilitoka kali. Wanawake walianika mchangani, juu ya vipande vya nyavu kuukuu, kisha mmoja mmoja wakaanza kupanda kilima. Dorotea aliondoka wa kwanza. Watoto waliachiwa fimbo, na Queen naye alikuja, bila mpira, akakaa karibu na Modesta.

Saa nane wingu liliinuka upande wa Ukerewe. Lilikuwa jeusi chini na lilikuja haraka juu ya maji. Modesta alitazama kilimani. Aliwaona watu wamesimama kwenye uwanja wa shule, na kati yao aliijua khanga ya njano ya mama yake. Khanga ile iligeuka kutazama ziwa. Mama ameliona wingu. Modesta aliinua mikono yote miwili na kuipunga, bila kujua kama anamwita au anamwambia abaki.

Khanga ya njano haikushuka.

"Kusanya!" Modesta alimpigia Queen kelele. Waliinama, wakazoa dagaa kwa mikono, wakiwatupa juu ya turubai, mchanga na dagaa pamoja. Watoto wengine nao walizoa. Lakini dagaa wa mtaa mzima hawazolewi na watoto. Upepo ulifika, kisha matone makubwa, kisha mvua yenyewe. Modesta alifunika turubai akalala juu yake ili isipeperuke. Akawatazama wale waliobaki wakielea kwenye vijito vya maji na kurudi ziwani walikotoka.

Mvua ilipopungua wanawake walishuka, wamelowa hadi mifupani. Hawakupiga vigelegele. Walisimama wakitazama mchanga mtupu. Dorotea alimwinua mwanawe, akamfunika na khanga yake iliyolowa.

"Wameifunga njia?" Modesta aliuliza, meno yakigongana.

"Hapana. Tuliokataa tulikuwa wengi. Alihesabu mikono, akarudia kuhesabu, akaandika. Njia imebaki wazi."

"Na jiwe?"

"Jiwe limekwenda. Wana karatasi yao, na karatasi hiyo tuliwapa sisi kwa kukaa kimya."

"Lakini dagaa, mama. Nimeokoa hawa tu. Niliona umeliona wingu."

"Nililiona. Miguu ilitaka kushuka, lakini ilikuwa bado hatujaulizwa. Ningeshuka mimi, wangeshuka wote." Alifunua turubai, akachota dagaa waliochanganyika na mchanga, akawaachia wadondoke. "Hawa ni wa kuku, na usiku wa leo tutalala na uji. Sikiliza, Modesta. Nilidhani serikali ni watu wa mbali wanaokuja na gari. Kumbe ni yule anayefika siku ya kuhesabiwa. Asiyefika naye ameamua, ila ameamua kwa faida ya mwingine. Bwana Venant hakutuibia. Alifika, sisi hatukufika. Chama kilipochagua mgombea hatukufika, siku ya kura hatukufika, na mkutano wa ukumbi hatukufika. Leo tumefika mara moja, na unaona mwenyewe imetugharimu nini na imetupa nini. Imetupa njia ya kwenda kuchota maji."

Modesta alitazama upande wa uzio. Ndani yake, jiwe lililooshwa na mvua lilikuwa limeanza kukauka, safi, halina kitu juu yake.

"Uchaguzi mwingine ni lini?"

"Uenyekiti ni miaka mitano."

Modesta alihesabu kwa vidole. Alikuwa na miaka kumi na miwili siku ile alipoiacha fimbo.

"Nitakuwa na kumi na saba," alisema taratibu. "Mama, nitakuwa bado siruhusiwi kupiga kura."

"Ndiyo," alisema Dorotea, akiinama kuokota ndoo. "Basi wewe utabaki na dagaa. Mimi nitakwenda."